Kidole, gesi na kibuyu: shajara ya mradi wa kirushio cha rangi, Lubumbashi

Jumamosi ya kwanza ya Juni

Mradi huu umezaliwa na ubishi. Katika kiwanja chetu kidogo kando ya barabara ya Kipushi, ambako tunacheza peintiboli, mchezo wa kurushiana vidonge vya rangi, kila Jumamosi asubuhi, vijana wawili walishikilia kwamba mchezaji hodari ni yule mwenye kidole chepesi, anayemimina vidonge mfululizo mpaka mpinzani akose pa kutolea kichwa. Sisi watu wazima tukashikilia kwamba hodari ni yule anayelenga. Tulibishana mpaka bukari, ugali wetu, ikapoa. Hakuna aliyeshinda, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na kipimo, nami ni fundi umeme kwa kazi yangu: ubishi usio na kipimo huninyima usingizi. Nimeomba kirushio kimoja kati ya sita tulivyo navyo, nikiahidi kukirudisha kikiwa kizima, ili nitafute ni kwa kasi ipi ya kufyatua shabaha inaanza kuharibika, na kinachoiharibu ni nini.

Niseme neno juu ya msamiati. Hatukiiti chombo hiki bunduki, na si kwa madaha. Katika nchi yetu mtu akisikia kwamba kuna vijana wenye bunduki shambani, hatasubiri kuelezwa kwamba zinarusha rangi. Mkuu wa mtaa aliviona vyombo vyote kabla hatujaanza kucheza. Vimepakwa rangi ya machungwa, vinasafirishwa mifukoni vikiwa vimetenganishwa na mitutu yake, na majirani wanazijua saa zetu. Basi ni kirushio. Kinachorushwa ni kidonge, yaani tufe la jelatini lenye rangi ndani, kipenyo chake milimita 17.3 na uzito wake gramu 3 hivi. Chombo kinachokaa juu na kulisha vidonge vijana wanakiita kibuyu, kwa sababu ya umbo lake, na sijaona jina lililo bora zaidi.

Kirushio nilichopewa ni cha kimekanika, kisicho na betri. Ukivuta kifyatulio, ndoano inaachilia nyundo inayosukumwa na springi, nyundo inagonga vali, gesi inatoka, sehemu yake inasukuma kidonge mtutuni na sehemu nyingine inairudisha nyundo nyuma mpaka ishikwe tena na ndoano. Vuto moja, kidonge kimoja. Kasi ya kufyatua ni ya kidole cha mchezaji mwenyewe, wala hakuna kompyuta ya kumsaidia.

Jumatano

Kipima-kasi, cha kujua kidonge kinakwenda mita ngapi kwa sekunde, kimekamilika. Nimechukua bomba la plastiki, nikatoboa matundu mawili na kuweka vihisio viwili vya mwanga usioonekana, kisha nikaviunganisha na Arduino, kompyuta ndogo ya saketi moja inayopangiwa programu. Mwanzoni niliviweka kwa umbali wa sentimita 10 ili bomba liwe fupi, lakini binti wa kaka yangu, anayesomea elektroniki na ndiye aliyeandika programu, alinisahihisha kwa upole: "Baba mdogo, ukiviweka karibu hivyo, kosa la rula yako litakula jibu lote." Alisema kweli. Kidonge kinachokwenda mita 85 kwa sekunde kinapita sentimita 30 kwa milisekunde 3.5, na saa ya Arduino inahesabu kwa hatua za mikrosekunde 4, kwa hiyo saa inakosea kwa sehemu moja hivi katika elfu. Lakini nikikosea kupima umbali kwa milimita moja tu, kosa ni sehemu tatu katika elfu. Kwa sentimita 10 lingekuwa mara tatu ya hapo. Vihisio sasa viko sentimita 30.

Kikomo cha kasi katika viwanja vingi duniani ni futi 300 kwa sekunde, yaani mita 91. Sisi tumejiwekea futi 280, ambazo ni mita 85, kwa sababu kiwanja chetu ni kidogo na watu wanakaribiana. Kwa kasi hiyo kidonge kina nishati ya karibu jouli 11, ya kutosha kupofusha jicho lisilo na kinga. Ndiyo maana katika majaribio haya yote, hata ninapokuwa peke yangu na sinia, barakoa haitoki usoni.

Kuhesabu vidonge kwa sekunde kumekuwa rahisi kuliko nilivyoogopa. Simu inarekodi sauti, kisha katika programu ya kuhariri sauti kila mlio unaonekana kama mwiba, nami ninapima nafasi kati ya mwiba na mwiba.

Jumamosi ya pili

Shabaha ni sinia la alumini lenye kipenyo cha sentimita 40, limening'inizwa mita 25 kutoka kwenye meza. Nimelichagua kwa sababu linalia likipigwa, na mlio wake unaingia katika rekodi ileile ya simu, hivyo sihitaji mtu wa kusimama karibu nalo na kuhesabu.

Kabla ya kulaumu kidole cha mtu yeyote, nilitaka kujua chombo chenyewe kinaweza nini bila mkono. Nilikibana kirushio kwenye jiliwa, jiliwa likafungwa mezani, nikafyatua kidonge kimoja kila baada ya sekunde mbili. Vidonge 20, vilivyopiga sinia ni 17. Vitatu vilipita pembeni ingawa hakuna kilichosogea. Hiyo ndiyo dari ya nyumba yetu, wala hakuna kidole kitakachopanda juu yake: kidonge ni tufe lenye kimiminiko ndani na mshono katikati, halizungushwi na mtutu kama risasi ya kweli inavyozungushwa, na kasoro ndogo ya umbo inatosha kulipotosha njiani. Anayeahidi shabaha ya kuchagua jicho la nyoka kwa peintiboli anauza maneno.

Kisha nikashika kwa mkono, nimesimama. Kwa kidonge kimoja kila sekunde, 14 kati ya 20. Kwa vitatu kwa sekunde, 13. Kwa vitano, 9. Kwa kasi yote niliyoweza kwa vidole viwili vinavyopokezana, ambayo rekodi inasema ni saba na kitu kwa sekunde, 4. Kijana mmoja kati ya wale wawili wa ubishi, ambaye vidole vyake ni vyepesi kuliko vyangu, alipata 5 kwa kasi inayokaribia nane.

Watu wazima walishangilia. Mimi sikushangilia, kwa sababu matokeo haya yanasema shabaha inaharibika lakini hayasemi inaharibiwa na nini. Kila mtu uwanjani alijibu "mkono unatikisika", na kila mtu alijibu bila kupima.

Jumatatu hadi Alhamisi, jioni

Nimefunga taa ya leza ya kuchezea chini ya mtutu, ikielekezwa ukutani mita 10, na simu inapiga picha za mwendo wa polepole. Kibuyu kitupu, gesi imewekwa, mtutu umefunikwa mfuko wa kinga. Kila nikifyatua, nukta nyekundu inaruka na picha inaonyesha imeruka kiasi gani na kwa wakati gani.

Inaruka sentimita 4 hivi. Kwa umbali wa mita 25 hiyo ni sentimita 10, nusu ya nusu-kipenyo cha sinia, kwa hiyo si jambo dogo. Lakini kilichonivutia zaidi ni wakati wenyewe. Nukta haitikisiki sana kidole kinapoanza kuvuta. Inaruka baada ya ndoano kuachilia, kidole kinapokosa cha kusukuma na kwenda kugonga nyuma kwa nguvu yote kilichokuwa nayo. Kwa wakati huo kidonge bado kiko ndani. Nyundo inahitaji milisekunde kadhaa kufika kwenye vali, na kidonge chenyewe, kikianza kutoka kwenye utulivu na kumaliza kwa mita 85 kwa sekunde katika mtutu wa sentimita 28, kinahitaji milisekunde sita au saba kutoka. Mtu anayelenga vizuri na kuvuta vizuri anaharibu kazi yake baada ya kuimaliza.

Dawa yake ni ya zamani: skrubu ya kizuizi nyuma ya kifyatulio, ili kidole kisimame mara tu ndoano inapoachilia. Nilitoboa, nikatia uzi wa skrubu, nikaweka skrubu ya milimita 3. Nukta sasa inaruka sentimita moja na nusu.

Hapa lazima niandike kosa langu, kwa kuwa shajara isiyo na makosa ni ya uongo. Nilipoona mafanikio nikanogewa, nikaendelea kukaza skrubu na kulegeza springi ya kifyatulio, nikipima uzito wa kuvuta kwa mizani ya ndoano kama ile ya wauza samaki, kutoka kilo 2.2 hadi kilo 0.9. Kifyatulio kikawa laini kama siagi. Kisha kirushio kikafyatua mara mbili kwa vuto moja, na nilipokigonga kwa kiganja upande wa nyuma kikafyatua bila kidole kugusa chochote. Ndoano ilikuwa inashika nyundo kwa ukucha tu. Mfuko wa kinga ulikuwa mtutuni na kibuyu kilikuwa kitupu, vinginevyo ningekuwa na hadithi nyingine ya kuandika. Nimerudisha springi mpaka kilo 1.4, nikalegeza skrubu robo ya mzunguko, na nimekigonga kirushio kwa nyundo ya mpira mara hamsini bila kufyatuka. Sitakubali mtu wa klabu alegeze zaidi ya hapo.

Jumamosi ya tatu

Kwa kizuizi na springi iliyolegezwa, vidonge vitano kwa sekunde vimepanda kutoka 9 hadi 12 kati ya 20. Kwa kasi yote, kutoka 4 hadi 5 tu.

Tofauti hii ndiyo iliyonifanya nikae kwenye kreti ya soda nikitazama mlima wa mabaki ya shaba na bomba refu la moshi kwa mbali, nikiwaza. Kama mkono ungekuwa mkosaji mkuu, kumtuliza kungesaidia kasi ya juu kuliko kasi ya kati, kwa sababu ndiko anakotikisika zaidi. Haikuwa hivyo. Kuna mkosaji mwingine anayengoja kasi ifike mahali fulani ndipo aingie.

Ilikuwa asubuhi ya baridi, kama zilivyo asubuhi zetu za Juni, kipimajoto kikionyesha digrii 9. Niliweka kipima-kasi mbele ya mtutu na kufyatua vidonge 30 mfululizo. Vya kwanza vilikwenda mita 84. Vya mwisho vilikuwa chini ya 75, na chupa ya gesi ilikuwa imeota umande mweupe shingoni.

Tunatumia kaboni dioksidi, ileile wanayoitumia wauza vinywaji na mafundi wa kuchomelea, kwa kuwa ndiyo inayopatikana mjini bila taabu. Ndani ya chupa ni kimiminiko, na shinikizo lake halitegemei kiasi kilichobaki bali joto: kwa digrii 20 ni bari 57 hivi, kwa digrii 10 ni bari 45, kwa sifuri ni bari 35. Kila kidonge kinachotoka kinachukua gesi, kimiminiko kinachemka ili kuijaza nafasi yake, na kuchemka huko kunanyonya joto kutoka kwenye chupa. Ukifyatua polepole, hewa ya nje inarudisha joto. Ukifyatua mfululizo, chupa inajigandisha yenyewe na shinikizo linashuka.

Athari yake kwa shabaha nimeikokotoa kwa karatasi. Kwa mita 85 mwanzoni, hewa inakipunguza kidonge mwendo mpaka kinafika kwenye sinia kikiwa na mita 50 na kitu kwa sekunde, baada ya zaidi ya theluthi moja ya sekunde hewani. Kikianza kwa mita 75, kinachelewa na kuanguka sentimita 15 hadi 20 chini zaidi. Mtu amelenga katikati ya sinia, mkono haukusogea hata unywele, na kidonge kinapita chini ya ukingo.

Hewa iliyoshindiliwa, yenye chupa ya bari 200 au 300 na regileta ya kutoa shinikizo moja daima, haina ugonjwa huu, kwa kuwa haichemki. Lakini mashine ya kuijaza hatuna, na bei yake si ya klabu inayochangishana faranga za mafuta ya jenereta. Kwa sasa tumeshona soksi nene za kuvalisha chupa, na tunaanza kucheza saa nne badala ya saa mbili. Soksi hazileti joto, zinazuia umande tu kulowesha mikono. Aliyezishona anaamini vinginevyo, nami nimemwacha.

Wiki ya mwisho ya Juni

Nilifikiri gesi imemaliza hesabu. Haikumaliza. Nilirudia jaribio saa saba mchana, chupa ikiwa na joto na kipima-kasi kikionyesha mita 82 mpaka kidonge cha mwisho, na bado kasi yote ilipata 7 tu kati ya 20.

Jibu lilikuwa ndani ya mtutu. Nilitazama mwanga kupitia mtutu baada ya kila mfululizo, na baada ya kasi yote nilikuta rangi imetapakaa ukutani mwake. Kibuyu chetu hakina mota. Vidonge vinashuka kwa uzito wao, kimoja baada ya kingine, vikisaidiwa na mtikisiko wa kirushio. Mpaka vitano au sita kwa sekunde vinashuka kwa wakati. Zaidi ya hapo nyundo inarudi mbele ikikuta kidonge kimeingia nusu, na pistoni, kipande kinachokwenda pamoja na nyundo, inakikata kama kisu kinavyokata nyanya. Rangi inabaki mtutuni, na kidonge kinachofuata kinapita juu ya utelezi upande mmoja na ukavu upande mwingine, kinatoka kikizunguka, na kinapinda hewani kama mpira uliopigwa kwa ubavu wa kiatu. Wenzetu wa viwanja vya Ulaya wana vibuyu vyenye mota na virushio vya elektroniki vyenye jicho la mwanga kwenye chemba, ambalo linakataza kufyatua mpaka kidonge kiwe kimekaa. Hata hao, katika mashindano, hawaruhusiwi kufyatua wapendavyo. Kanuni zimeshusha kikomo hatua kwa hatua, kutoka vidonge 15 kwa sekunde hadi karibu na 10.

Nilifanya jaribio moja la kuthibitisha. Niliusugua mtutu mpaka ukauke, nikabana kirushio kwenye jiliwa, nikafyatua kimoja kila sekunde mbili: 17, kama zamani. Kisha nikavunja kidonge kimoja kwa makusudi ndani ya mtutu, nikafyatua vingine 20 vivyo hivyo bila kusugua. Vilivyopiga ni 8. Jiliwa lilelile, hakuna kidole, hakuna haraka.

Kwa hiyo wale vijana walikuwa wanapoteza shabaha kwa kasi, kweli, lakini si kwa sababu tuliyowasingizia. Kidole chao hakikuwa na kosa kubwa. Kilikuwa kinakimbia mbele ya kibuyu.

Jumamosi, Julai

Nimewasimulia matokeo, na mmoja akauliza swali lililonipendeza: "Mwalimu, sasa tufyatue kwa kasi gani?" Nimemjibu vitano kwa sekunde visizidi, na kwa mafungu, si kwa mfululizo: vinne, kisha pumzi moja, ili kibuyu kijaze shingo yake na chupa ipate joto kidogo. Shida ni kwamba mtu aliyejificha nyuma ya pipa akirushiwa rangi hawezi kuhesabu sekunde. Tulijaribu kuhesabu moja-mbili-tatu-nne na kila mtu aliharakisha. Ndipo binti wa kaka yangu akapendekeza jina la mji, Lu-bu-mba-shi, silabi nne, kwa mwendo wa mtu anayelitaja bila haraka. Simu inasema silabi hizo, zikitamkwa na watu sita tofauti, zinaangukia kati ya vidonge vinne na vitano kwa sekunde. Hakuna aliyekata kidonge mchana kutwa.

Tulipocheza mchezo wenyewe nilibadilisha namna ya kuhesabu, nikaacha vidonge kwa sekunde na kushika mapigo kwa kila sanduku la vidonge, kwa maana vidonge vyetu vinatoka Afrika Kusini kwa barabara na kupita mpaka wa Kasumbalesa, na kila kimoja kimeshalipiwa njia yote hiyo. Nilikumbuka pia kwamba katika mchezo wa kwanza kabisa wa aina hii, uliochezwa Henniker, New Hampshire, mwaka 1981, na watu 12 wenye virushio vilivyotengenezwa kwa ajili ya kutia alama miti na ng'ombe, aliyeshinda alikuwa mtu wa misitu aliyekusanya bendera zake bila kufyatua hata mara moja. Niliwaambia vijana. Mkubwa wao akajibu kwamba huyo hakuja kucheza, alikuja kutembea.

Kwa haki yake, kijana huyo ana hoja ambayo sinia langu haliwezi kuipima. Anaporusha mafungu ya haraka kuelekea ukingo wa pipa, hakusudii kupiga. Anakusudia mpinzani asitoe kichwa mpaka mwenzake azunguke. Hapo kidonge kinachokosa kwa sentimita 30 kimefanya kazi yake. Nimekubali kwamba mchezaji mmoja kwa kila timu aruhusiwe kwenda mpaka vidonge sita kwa sekunde, kwa sharti awe na kitambaa cha kusugulia mtutu mfukoni na akitumie kabla ya kuhamia pipa jingine.

Kirushio nimekirudisha, na vingine vitano vinapata skrubu za kizuizi wiki hii, kila kimoja kikipigwa nyundo ya mpira mara hamsini mbele ya mwenye kukitumia.

Mambo mawili yamebaki mezani. La kwanza ni Oktoba, mwezi wetu wa joto, ambapo chupa iliyoachwa juani itapita digrii 31; juu ya hapo kaboni dioksidi haina tena kimiminiko cha kuchemka, shinikizo linapanda ovyo na kasi inaweza kuvuka kikomo, kwa hiyo kipima-kasi kitakaa getini na si kwenye karakana yangu. La pili ni mvua za Novemba. Jelatini inanyonya unyevu na kuvimba, kidonge kilichovimba hakishuki kwenye shingo ya kibuyu kwa wakati, na kile kikomo cha vitano kwa sekunde huenda kikashuka hadi vinne. Nimeweka vidonge 40 kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana na 40 vingine wazi kwenye rafu ya jikoni, nitavipima kwa kalipa kila Jumapili. Mke wangu ameuliza rafu itakuwa huru lini.